Injini na Kitanda cha Kushoto

Karakana ya boti,
Jumanne, 4 Februari

Mke wangu,

Nimefika salama. Simu inashika ukisimama juu ya lundo la kokoto nyuma ya choo cha mafundi, na hata hapo naona wewe na mimi tunasikilizana pumzi tu. Afadhali niandike. Dereva wa lori la mbao hupita mjini kila wiki, naye amekubali kubeba barua.

Boti yetu iko nchi kavu, imesimamishwa juu ya magogo kama mgonjwa aliyeegemezwa mito. Kwa nje haina neno. Rangi imebabuka upande unaopigwa na jua, matanga ni makavu, mlingoti umesimama wima. Tatizo liko ndani. Injini imekamata. Fundi wa hapa, ambaye kila mtu anamwita Spana wala sijasikia jina lake jingine, aliitia hendeli akaning'inia nayo kwa uzito wake wote, haikusogea. Akafungua kichwa cha silinda. Maji ya chumvi yameingia kupitia bomba la moshi, yakakaa humo, na pistoni imeshikana na silinda kwa kutu.

"Mzee, hii mlikuwa hamuiwashi?" akaniuliza.

Nikamwambia haijawashwa tangu mwaka jana.

"Dizeli ukiitupa bila kuiwasha inanuna," akasema. "Lakini hii haijanuna. Hii imekufa."

Hana habari zetu. Sikumlaumu.

Basi kuna njia mbili. Ya kwanza ni injini mpya ya dizeli, ya ndani, mahali pa ile ya zamani chini ya ngazi. Ya pili ni mashine ya petroli ya kupachika nyuma, kama zile za boti za wavuvi, inayoning'inia nje na kuinuliwa isipotumika. Kila moja ina faida na hasara zake, nami nitazipima kwa utaratibu. Mwenye karakana anataka jibu kabla ya mwisho wa Machi, kwa sababu boti zikianza kushushwa majini, sisi tusio tayari tutaachwa juu ya magogo hadi mwaka mwingine.

Nalala kitanda cha mbele. Ni chembamba lakini kinatosha.

Usisahau dawa ya bega.

Mumeo


Nyumbani,
Alhamisi, 13 Februari

Mume wangu,

Barua yako imefika ikinuka mbao. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta uko wapi humo ndani. Unaniandikia kama bado umo kazini unakagua shule. "Faida na hasara zake, nami nitazipima kwa utaratibu." Nakujua. Ulishachukua rula.

Na hilo la "Mke wangu". Miaka yote hiyo nilikuwa Mama Kijiti, mpaka muuza maziwa ananiita hivyo. Wewe umeliacha, na mimi kalamu yangu imekataa kuandika la kwako, basi nimeandika "Mume wangu", kama watu waliofunga ndoa juzi.

Mimi nipo. Nashona sare za shule na mapazia. Wifi yangu, yaani dada yako, huja kila alasiri, hukaa kwenye kiti cha wateja, akala karanga na kunimwagia maganda kwenye vitambaa. Jana kaniambia, "Wifi, mtu akioa mke wa pili angalau unajua ni binti wa nani. Kaka yangu kaoa boti." Nikamwambia nashukuru, mke mwenza huyu hawezi kuja kuniazima sufuria. Tukacheka kidogo. Sauti zetu zilisikika ngeni humu ndani, nikarudi kwenye cherehani.

Huyo Spana mwambie, wala usimfiche: watu waliomzika mtoto wao wa pekee hawakumbuki kwenda kuwasha injini. Najua hukumwambia. Ungemwambia ungeniandikia alivyojibu.

Sasa hiyo injini. Mimi nasema dizeli. Unaikumbuka boti ya daktari wa meno, iliyokuwa imepachikwa mashine nyuma? Siku ile ya mawimbi nyuma ya boti ikainuka, rafadha ikatoka majini, mashine ikapiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa, na boti haiendi popote. Nyuma inashuka, inasukuma kidogo, inatoka tena. Mkewe alikuwa ameshika kamba midomo imemkauka. Petroli nayo ni petroli. Sitaki kupika chai huku madumu yake yananisikiliza.

Halafu kuna bega langu. Mashine ya kupachika inawashwa kwa kuvuta kamba, dizeli mpya hazitaki nguvu ya mkono. Mkono wangu wa kulia haupandi zaidi ya hapa, na wewe unajua "hapa" ni wapi. Ile yetu ya zamani ya hendeli nayo sikuiweza, lakini wakati ule tulikuwa na mtu wa kuizungusha.

Magodoro yana hali gani? Vifuniko vyake nilivishona mwenyewe. Yaanike yasiote ukungu.

Mkeo


Karakana ya boti,
Jumamosi, 22 Februari

Mke wangu,

Nimezipima.

Injini ya dizeli ni nzito, na uzito huo unakaa mahali pamoja daima, utake usitake. Ili izungushe rafadha ni lazima mhimili upite kwenye tundu chini ya boti, na kila tundu lililo chini ya maji ni mlango ambao siku moja utasahaulika wazi. Harufu ya mafuta huingia kwenye nguo na kwenye mkate. Ikiharibika, fundi huifuata iliko, akalala kifudifudi na tochi mdomoni. Mashine ya kupachika ikiharibika unaibeba ukampelekea. Tanga likivuta, unaiinua, hakuna kinachoburuta majini. Kuhusu mawimbi, zipo zenye mguu mrefu, ambazo rafadha yake hukaa chini zaidi. Kuhusu petroli, madumu yatakaa nje, nyuma, ndani ya sanduku lenye tundu la kutolea hewa, mbali na jiko. Kuhusu umeme, nakiri kwamba dizeli hujaza betri vizuri zaidi. Tutawasha taa chache.

Spana hakubaliani nami. Anasema mashine ya kupachika ni ya kwenda kuvua na kurudi kabla chai haijapoa.

"Safari ya siku nyingi, Mzee, utakuwa unasafiri na madumu, husafiri na mke."

Nikamwambia asinifundishe.

"Sikufundishi. Nakuonea huruma."

Ana mdomo. Lakini kila bolti aliyoifungua ameiweka kwenye kopo lake na kuliandika, na hilo nimelipenda. Sijamwambia lile ulilotaka nimwambie. Hajauliza tena.

Magodoro nimeyaanika mawili, la mbele na la kulia. Hayana ukungu. Vifuniko ni vizima.

Nimeegemea upande wa mashine ya kupachika. Wiki ijayo nitamwambia mwenye karakana.

Siku za hapa zinafanana. Asubuhi napiga msasa, jioni nafagia vumbi la nilichokipiga msasa. Chakula nakula.

Mumeo


Nyumbani,
Jumapili, 2 Machi

Mume wangu,

Nimesoma sababu zote. Tundu, uzito, harufu ya mkate. Nikalitafuta bega langu humo, sikuliona. Nikadhani labda liko nyuma ya karatasi, nikageuza. Nyuma ni peupe.

Umechagua mashine ambayo mimi siwezi kuiwasha. Ukiteleza ukaanguka majini, nitabaki nimekaa kwenye boti nikikutazama unavyoachwa nyuma, mkono wangu ukiwa umefika hapa. Mtu anayechagua hivyo ama hajafikiri, ama hakuniweka kwenye hesabu. Na wewe huwa unafikiri.

Tulikubaliana, ukistaafu tunafunga nyumba, tunaondoka sisi watatu. Tumebaki wawili. Sikuuliza kama makubaliano bado yapo, kwa sababu tangu tumzike umekuwa ukitoka kwenye kila chumba ninachoingia. Nikasema kila mtu ana namna yake. Kisha ukaenda kwenye boti. Nikanyamaza pia.

Lakini kama sasa ni boti ya mtu mmoja, liseme hilo kwa maneno. Usiniandikie habari za rafadha. Sitapiga kelele, sina kelele. Yule mwanamke mfumaji anayetaka kupanga chumba changu cha kushonea anangoja jibu. Kama naenda nawe, nimkabidhi ufunguo. Kama siendi, nimwambie atafute kwingine, niendelee na mapazia ya watu. Yote mawili nayaweza. Kisichowezekana ni kukaa katikati.

Dada yako anauliza utarudi lini. Nimemwambia aiulize boti.

Mimi


Karakana ya boti,
Jumapili, 9 Machi

Mke wangu,

Si boti ya mtu mmoja. Sijui wazo hilo ulilitoa wapi. Kamba nitaivuta mimi, na sitaanguka majini, kwa kuwa nina mazoea ya kushika.

Ukweli ni kwamba dizeli haiingii. Hilo ndilo la msingi, nami nilipaswa kulitanguliza. Ile ya zamani ilikuwa ya silinda moja, fupi na nyembamba. Za siku hizi zenye nguvu ya kutusukuma zina silinda mbili. Naambatisha mchoro wa Spana wenye vipimo, uone mwenyewe. Nafasi iliyo chini ya ngazi haitoshi.

Spana anasema itaingia akikata ukuta wa mbao wa upande mmoja na kuusogeza. Juzi alikuja na msumeno mkononi bila kuitwa. Nilimwambia auweke chini. Pengine nilisema kwa sauti kubwa, maana hata waliokuwa wakipaka rangi boti ya jirani waliacha brashi zao zikidondoka.

"Mzee, ni mbao tu," akasema.

Nikamwambia atoke kwenye boti yangu.

Leo asubuhi nilikuta chai juu ya ngazi, imefunikwa kwa sahani. Ni yeye aliyeiweka. Hatujazungumza.

Sioni haja ya kukata. Boti imepangwa vizuri hivi ilivyo. Mwenye karakana nimemwambia anipe muda kidogo, kwa sababu umenitia shaka kuhusu bega, ambalo sikulisahau. Niliona ni jambo lisilohitaji kuandikwa.

Usimjibu mfumaji bado.

Mumeo


Nyumbani,
Jumatatu, 17 Machi

Mume wangu,

Mchoro wa Spana niliuchukua ili nikubishie. Nilisema, huyu kaishiwa na hoja, sasa anajificha nyuma ya sentimita. Nikashusha karatasi zangu za kukatia magodoro ya boti, zile nilizoziviringisha juu ya kabati, nikazitandaza sakafuni kama vitanda vinavyokaa, nikaichora injini katikati kwa chaki, kwa vipimo vya Spana. Dada yako alinishikia ncha zisijikunje.

Injini imekaa vizuri kila upande isipokuwa mmoja. Inapogoma ni miguuni pa kitanda cha kushoto.

Nikasimama na chaki.

"Wifi, mbona kimya? Kubwa mno?"

Nikamwambia si kubwa, ni ya kawaida.

Uliandika kwamba umeanika magodoro mawili. Mimi nilishona matatu. Nilipoisoma barua ile sikuliona hilo, na mshonaji ni mimi.

Kumbe bado unaitunza boti ya watu watatu, nami nikakuandikia yale niliyokuandikia. Sikujua. Ungeniambia. Hapana, usingeweza, mimi mwenyewe chumba chake bado natandika kila Jumamosi, na dada yako hajui, anafikiri nafagia.

Sasa nisikilize, Baba wee. Kitanda kile hakikuwa kirefu tangu mwanzo. Tuliponunua boti alikuwa analala humo na nafasi inabaki ya kuweka ndoo. Kisha ikaja likizo ile aliyorefuka, akawa Kijiti kweli, miguu ikagonga ukuta, akalalamika kwamba analala kama kisu cha kukunja. Mkausogeza ukuta upande wa injini, ninyi wawili. Yeye ndiye aliyekaza skrubu. Nusu yake zikakaa upande, ukamwambia azitoe azirudie, akasema, "Baba, zimeshika au hazijashika?" Ukasema zimeshika. "Basi." Mimi nilikuwa kwenye ngazi nawashikia taa. Baadaye nikalazimika kushona kifuniko kirefu zaidi, na nikanung'unika wiki nzima.

Karatasi zote mbili ninazo, ile ndefu na ile fupi. Mshonaji hatupi karatasi ya kukatia. Jana nimeshona kifuniko kutoka kwenye ile fupi. Nilitegemea kwamba nitalia nikifika kwenye zipu. Sikulia. Nilizima cherehani, nikaiwasha tena, nikamaliza. Sijui ni kitu gani hiki kimetukalia. Nadhani ni kimoja, wewe na mimi, tunakigawana.

Kifuniko kimo kwenye mfuko huu. Ni turubai lile lile la buluu. Nilikuwa nimebakiza kipande.

Spana asikate kitu. Ukuta ule umefungwa kwa skrubu, unafunguliwa, unarudi pale ulipokuwa kabla hajarefuka. Rudishia skrubu zile zile. Zilizokaa upande zikae upande.

Na umweleze habari zetu. Mtu anakufunikia chai isipoe, hajui hata anamtunza nani.

Mfumaji sijamjibu. Nitamjibu nikipata barua yako.

Mama Kijiti


Karakana ya boti,
Jumapili, 30 Machi

Mama Kijiti,

Skrubu zilifunguka zote isipokuwa mbili. Hizo Spana alitaka kuzikata kwa tindo. Nikamwomba asubiri, tukazitia mafuta tukaziacha zilale, na kesho yake zikatoka. Zote nimezirudisha ukutani. Zimekaa upande kama zilivyokuwa, na zimeshika.

Nimemweleza. Tulikuwa tumelala kifudifudi, kila mmoja upande wake wa tundu la injini, hivyo hakuniona usoni wala mimi sikumwona.

"Pole, Mzee. Ningejua nisingeleta msumeno."

Nikamwambia msumeno haukuwa na kosa. Akanyoosha mkono, akaomba spana namba kumi na tatu. Nikampa kumi na mbili. Akairudisha bila kusema neno, na hiyo kwake ni adabu kubwa, kwa maana siku nyingine angeniuliza kama shuleni kwetu namba zilikuwa zikifundishwa.

Godoro la kushoto nililitoa mwenyewe. Lilikuwa na ukungu chini, kwa sababu sikuwa nimeligusa. Nimelisugua, nimelianika, nimelikata kwa kisu cha mkate nikifuata kifuniko chako. Kipande kilichobaki sijui nikifanye nini. Nimekitia kwenye begi langu, chini ya mashati. Kifuniko kimeingia bila mkunjo hata mmoja.

Injini ya dizeli imefungwa jana. Haina kamba wala hendeli. Inawashwa kwa ufunguo. Desturi ya mafundi ni kuuweka ufunguo upande wa kulia wa anayeshika usukani. Nimemwagiza Spana auhamishie kushoto, chini kidogo, mahali ambapo mkono unafika bila bega kuinuka. Alilalamika kwamba nazitesa nyaya zake bure.

Alipomaliza, akakaa nje na mpira wa maji ili kuipoza, maana bado tuko nchi kavu. Mimi nikakaa mahali pako. Nikauweka mkono wa kulia mapajani, nikazungusha ufunguo kwa wa kushoto. Imewaka mara ya kwanza. Nikaizima, nikaiwasha tena kwa mkono ule ule, ili nisiwe nimebahatisha.

Spana alikuwa ananitazama kupitia mlangoni. "Mzee, mkono wa kulia umepatwa na nini?"

Nikamwambia uko nyumbani, unashona.

Tunashushwa majini Alhamisi ya wiki ijayo. Mkabidhi mfumaji ufunguo.

Baba Kijiti